Upande wa Pili wa Ngazi

Kiti cha kunyolea kilikuwa kimeshapanda lori nusu, kinaning'inia hewani kama mgonjwa asiyetaka kupelekwa hospitali, pale Cheche alipotokea na mikono mitupu akasema amekuja kusaidia.

Hakuna aliyemwamini. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na grili za madirisha, na mtaa mzima ulijua kwamba akija kusaidia huja na koleo, au walau glavu. Akija mikono mitupu amekuja kubishana. Na mtu wa kubishana naye alikuwa mmoja tu duniani: Kinyozi, shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye asubuhi ile ndiye aliyekuwa anahama.

Sababu ya kuhama ilikuwa magoti. Unyozi ni kazi ya kusimama, na magoti ya Kinyozi yalikuwa yamefika mahali ambapo mteja aliyekaa humwonea huruma fundi aliyesimama. Binti yake, muuguzi katika mji wa mbali, alikuja na lori na dereva, akatangaza kwamba baba ataishi kwake, chumba cha chini, nyumba isiyo na ngazi hata moja. Cheche alipopewa habari hiyo mara ya kwanza alisema haimshangazi, maana shemeji yake hajawahi kuijua thamani ya Ngazi. Mke wake akamtazama kama mtu anavyoitazama sufuria iliyoungulia, akaendelea kushona.

Mgeni asingeuelewa mzaha ule. Wa mtaani angeuelewa, tena angeuchoka, kwa sababu ya Radi.

Radi ilikuwa bendi. Jina lake halisi lilikuwa refu, la kizungu, na kila aliyejaribu kulitamka aliishia kumtemea mwenzake mate, kwa hiyo vijana wa enzi ile wakaiita Radi na mambo yakaisha. Ilikuwa ya wanaume watano wa nchi za baridi, nywele hadi kiunoni, suruali za ngozi zinazobana mpaka mtu unajiuliza sauti wanaipata wapi, halafu unaisikia sauti yenyewe na unaelewa. Walipiga hevi metali, yaani gitaa zinazonguruma kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe, na mwimbaji anayelia kama aliyebanwa kidole mlangoni. Wachache waliuita muziki. Mama mkwe wa Cheche, Mungu amrehemu, aliuita ugomvi wa masufuria, na hapo alikuwa amejizuia.

Albamu za Radi zilikuwa nyingi. Nyingine nzuri, nyingine walizitoa kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Lakini wenye akili, na Cheche na Kinyozi walijihesabu humo bila kumuuliza mtu, walikubaliana kwamba za kubishania ni mbili tu. Majina yake yaliandikwa kwa herufi kama miiba, hayasomeki, kwa hiyo zikaitwa kwa picha za kwenye jalada. Moja ilikuwa na ngazi iliyoegemezwa mawinguni, ikawa Ngazi. Nyingine ilikuwa na kisima na mkono unaochomoza ndani yake, ikawa Kisima. Cheche akawa mtu wa Ngazi, Kinyozi mtu wa Kisima, na amani ikaishia hapo. Miaka thelathini na ushei imepita tangu hapo, na watu wameoa, wamezaa, wamezika wazazi, bila ubishi huo kupoa hata siku moja.

Kila mmoja aliingiza imani yake kazini. Grili za Cheche zilikuwa na vyuma vya kulala vilivyopangwa juu kwa juu, umbo la ngazi kabisa, hata wezi wa eneo lile walikuwa wakimsifu kuliko wateja. Kinyozi naye alichorewa kisima kikubwa, mkono na vyote, juu ya mlango wa duka lake. Wapita njia wenye kiu waliingia, wakaondoka wamenyolewa.

Halafu kulikuwa na radio.

Ilikuwa radio ya kaseti, pana kama kifua cha bondia, yenye milango miwili ya kanda na spika kila upande. Waliinunua pamoja wakiwa vijana, kabla hata Cheche hajaposa, na kwa kuwa radio haigawanyiki waliwekeana ahadi: siku mmoja wao atakapokubali, kwa kinywa chake, kwamba albamu ya mwenzake ndiyo bora, basi radio si yake tena. Mpaka siku hiyo ingekaa dukani kwa Kinyozi, penye umeme wa kuaminika. Ndiyo maana kila jioni Cheche alipofunga karakana hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa shemeji yake, akakaa kwenye sofa la wateja na vumbi la chuma likimdondoka, akasikiliza Radi, akatukana Kisima, akatukanwa Ngazi, na baadaye akaenda kula akiwa mtu mwenye furaha. Wateja walizoea. Ambao hawakuzoea walibaki na nywele zao.

Sasa radio ilikuwa inapakiwa, na hakuna aliyekubali chochote. Hilo ndilo lililomleta Cheche. Mke wake, mshonaji, mwanamke asiyepoteza uzi wala neno, alikuwa amemwambia asubuhi wakati anavaa viatu:

"Wewe hutaki radio. Unataka pa kwenda jioni."

Cheche alijibu kwamba anachotaka ni haki. Mke wake akasema haki imepata mtetezi, sasa inaweza kulala usingizi, kisha akajifunga kanga akamfuata, maana anayehama alikuwa mdogo wake na alijua wanaume hao wawili wakiachwa peke yao lori litaondoka kesho kutwa.

Walikuta sofa la wateja bado liko nje, ukutani, na radio imekaa juu yake kama bibi mkubwa anayesubiri kusindikizwa. Pembeni yake palikuwa na kopo la biskuti lenye kanda. Kinyozi alikuwa amesimama karibu yake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine juu ya radio.

"Umekuja kukubali, shemeji?" akauliza.

"Nimekuja kukupa nafasi ya mwisho," Cheche akasema. "Huko uendako hakuna atakayekuvumilia."

Baada ya salamu hizo za upendo wakaanza. Cheche alisema radio haiwezi kuondoka na mtu ambaye hajashinda. Kinyozi alisema haiwezi pia kubaki na mtu ambaye hajashinda, na kati ya watu wawili ambao hawajashinda, mwenye lori ana nguvu zaidi. Cheche akasema hiyo ndiyo akili ya mtu wa Kisima, kuzama chini na kung'ang'ania. Akarudia hoja zake za siku zote: kwamba albamu ni kama nyumba, usiipime kwa baraza, zunguka nyuma, kwamba upande wa pili wa Ngazi unamalizika kwa Wimbo Mrefu, ule unaoanza na gitaa moja, polepole, kama mtu anayetembea peku gizani akiogopa kujikwaa, halafu anajikwaa, na bendi nzima inamwangukia, na kwamba mtu anayeusikia wimbo ule bila kusisimka apelekwe kupimwa. Upande wa kwanza wa Kisima, aliongeza, ni maji ya kunawia miguu.

Kinyozi naye hakuachwa nyuma. Alikubaliana kwamba albamu hupimwa kwa nyuma, na ndiyo maana Kisima hakina mpinzani, kwa sababu upande wa pili unafunguliwa na Ngoma, wimbo ambao mpigaji ngoma anaachwa peke yake mpaka unamhofia maisha yake. Alisema aliwahi kumkata mteja sikio kidogo kwa ajili ya wimbo ule, na mteja mwenyewe aliposikiliza alimsamehe. Kuhusu upande wa kwanza wa Ngazi, alisema ni kama mtu anayeanguka ngazini na trei ya vikombe, tena anayefanya makusudi.

Vibarua wa kupakia walikuwa wamekaa chini. Binti muuguzi aliangalia saa. Alikuwa amelelewa ndani ya ubishi ule, kaoga nao, kala nao, na alipokuwa mdogo alidhani Ngazi na Kisima ni majina ya ndugu waliokosana.

"Baba, mjomba," akasema, kwa ile sauti ambayo wauguzi huitumia kwa wagonjwa wanaokataa sindano, "chagueni mwamuzi. Akisema, basi. Tuondoke."

Mwamuzi aliyepatikana ni dereva wa lori, kwa sababu hakuwa jamaa wa mtu na kwa sababu yeye peke yake alikuwa na funguo. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa nyimbo za taratibu za watu walioachwa. Aliwaambia wazi kwamba muziki huo hajawahi kuusikia. Wote wawili walifurahi sana, kila mmoja akiamini kwamba masikio safi ni masikio yake.

Radio ikarudishwa ndani, ikachomekwa kwenye soketi ambayo kisheria ilikuwa imeshakabidhiwa kwa mwenye nyumba. Dereva akaketishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kinyozi akaanza, akaweka kanda ya Kisima upande wa pili, Ngoma ikapigwa katika chumba kitupu mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Dereva alisikiliza akiwa na kijiti mdomoni, uso wake umetulia kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wimbo ulipokwisha, Cheche akatoa kanda ya Ngazi, akaipuliza, akaipapasa, akaiingiza upande wa pili na kuisogeza mbele mpaka Wimbo Mrefu. Gitaa likaanza kutembea peku. Cheche akafumba macho.

Wazee husema ngoma ivumayo sana hupasuka. Pale hasa gitaa lilipotaka kujikwaa, radio ikatoa sauti ya mbuzi anayekabwa, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Cheche alipofungua kile kimlango, utepe ulitoka umejisokota kama matumbo ya kuku.

Hata Kinyozi, ambaye kwa haki angecheka, hakucheka. Cheche alikaa chini sakafuni kati ya nywele ambazo hazikufagiwa, na kwa vidole vyake vinene, vyenye makovu ya moto, akaanza kuunyoosha utepe taratibu, kama mtu anayemfumua mtoto nywele. Ulikuwa umekatika mahali pawili.

"Wazee wangu," dereva akasema kutoka kwenye ndoo, akitafuta namna ya kusaidia, "mimi hata hivyo niliona ni wimbo uleule umerudiwa."

Hapo wale wawili walikuwa kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Walimweleza dereva, kwa kupokezana, kuhusu masikio yake, malezi yake, na aina ya nyimbo ambazo mtu kama yeye anastahili. Dereva hakukasirika. Alisema anakwenda kuangalia matairi.

Binti muuguzi alimhurumia mjomba wake pale sakafuni. Akatoa simu. Alisema siku hizi nyimbo zote zipo, hata za Radi, mjomba aache kuhangaika na huo utepe, yeye atamtafutia huo Wimbo Mrefu ausikie mpaka mwisho kisha kila mtu ashike njia yake. Wanaume walimtazama kwa dharau waliyoiweka akiba kwa ajili ya vitu vipya. Lakini alipowageuzia kioo cha simu, walisogea wote. Ilikuwepo pale ngazi, imeegemea mawingu, kama walivyoiona mara ya mwisho kwenye santuri yenyewe. Ukubwa wake ulikuwa wa stempu, ila ilikuwa yenyewe.

Akaubonyeza wimbo wa kwanza. Ukalia safi, kama umefuliwa na kupigwa pasi. Cheche akaitikia kwa kichwa: ndio wenyewe. Kinyozi akasema bado ni trei ya vikombe, ila sasa unaweza kuhesabu vikombe. Binti akateremka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho.

Haukuwa Wimbo Mrefu. Ulikuwa wimbo mfupi wenye fujo ambao Kinyozi aliufahamu kuliko jina la mama yake, kwa sababu ndio uliofunga kanda yake ya Kisima.

Cheche akasema simu imekosea. Binti akapanda juu kidogo, akabonyeza wimbo unaofungua upande wa pili. Mle chumbani, kutoka kwenye kile kisimu chembamba, ikatoka Ngoma. Ngoma ya Kinyozi. Ndani ya Ngazi.

"Hiyo ni yangu," Kinyozi akasema, kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na jirani.

Binti akafungua albamu nyingine, yenye kisima na mkono. Upande wa kwanza ulikuwa kama wanavyoujua. Akaenda mwishoni. Gitaa moja likaanza kutembea, polepole, peku. Hakuna aliyemzuia. Lilitembea, likajikwaa, bendi nzima ikaliangukia, na Cheche akausikiliza Wimbo Mrefu mpaka mwisho, akiwa amekaa sakafuni na utepe uliokatika mapajani, ukitoka katika albamu aliyoitukana maisha yake yote.

Kanda mbili zilikuwa zimepishana migongo. Kila moja ilikuwa na tumbo la albamu yake na mgongo wa albamu ya mwenzake. Radi hawakuwahi kutengeneza ile Ngazi ya Cheche, wala kile Kisima cha Kinyozi. Vitu hivyo vilikuwepo duniani kimoja kimoja, ndani ya kopo la biskuti.

Mke wa Cheche alikuwa ameegemea mlango muda wote huo. Akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha ikabidi atoke nje akae kwenye sofa. Walipomfuata kumuuliza kinachochekesha alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kwani mmesahau?" akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akawakumbusha. Enzi zile santuri za Radi alikuwa nazo mtu mmoja tu, Mzee wa Kanda, aliyekuwa na kibanda cha kunakili muziki. Alikuwa na mashine mbili za santuri na za kaseti mbili, na kwa kuokoa muda alinakili kanda mbili kwa mpigo: upande wa kwanza wa hii na ile, anatulia, anageuza zote, anamalizia. Kinyozi alikwenda kunakiliwa Kisima. Dada yake, msichana wakati huo, alitumwa na mama yao amfuate ili asipotee na fedha. Benchini wakamkuta kijana mmoja mwembamba anayejifunza uchomeleaji, anasubiri Ngazi yake. Kabla kanda hazijafika katikati vijana wale wawili walikuwa wameshaanza kubishana ipi ni bora.

"Hata hamjazisikia," mke wa Cheche akasema. "Mnabishania picha. Mzee wa Kanda aliwaambia mnyamaze, hamkunyamaza. Na wewe," akamgeukia mume wake, "upande wa kwanza ulipokwisha ukapiga meza kwa ngumi, chai ya mzee ikamwagika yote. Akazinyanyua santuri zote mbili, akapangusa meza huku anawatukana, akazirudisha, hii pa ile. Ndipo akageuza."

Cheche alikumbuka chai. Alikuwa ameikumbuka miaka yote kwa sababu nyingine, kwamba ndiyo siku alipomwona yule msichana akicheka vilevile, mabega kwanza. Kwamba chai hiyohiyo ilikuwa imempa mke na kumnyang'anya albamu, hilo hakuwahi kulipigia hesabu.

Sasa likabaki jambo la ahadi, na wanaume wa aina ile hawachezi na ahadi. Walikaa kwenye sofa, mmoja huku mmoja kule, radio imerudishwa katikati. Kinyozi alikohoa. Alisema kwamba yeye siku zote amesema albamu hupimwa kwa upande wa pili, na kwamba upande wa pili bora kuliko zote ni ule wenye Ngoma. Akakunja uso kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Basi Ngazi ndiyo bora," akasema. "Radio ni yako, shemeji."

Angeweza kuipokea. Alikuwa ameingoja kauli ile tangu akiwa na nywele. Lakini Cheche aliangalia zile grili zake kwenye madirisha ya mtaa mzima, ngazi juu ya ngazi, akasikia bado gitaa linatembea kichwani.

"Hapana," akasema. "Wimbo Mrefu uko Kisimani. Kisima ndicho bora. Mimi ndiye niliyeshindwa, radio ni yako."

"Nimekubali mimi kwanza."

"Wa kwanza kukubali si wa kwanza kukosea."

Hivyo watu ambao kwa miaka thelathini walikuwa tayari kutoana macho kwa ajili ya radio wakaanza kusukumiana radio ileile, na kwa hasira zilezile. Asidhani mtu kwamba ulikuwa ukarimu. Ni kwamba hakuna aliyetaka kuondoka na kitu ambacho hakukishinda, akaja kuambiwa baadaye kwamba alipewa. Kinyozi aliiweka mapajani pa Cheche, Cheche akairudisha, antena ikapinda. Dereva akapiga honi. Mwenye nyumba alikuwa amefika kuchukua funguo, akasimama kando akiwa na uso wa mtu aliyelipiwa tiketi ya mchezo.

Mke wa Cheche akainuka. Alimnyang'anya mdogo wake, aliyekuwa ameishika kwa wakati ule, akaiweka kwapani kama mtu anayebeba kuku.

"Wote mmeshindwa," akasema. "Mmoja mdogo wangu, mwingine mume wangu. Nimewasikiliza bila kuulizwa tangu sina hata cherehani. Inabaki kwangu."

Walitafuta hoja, ilionekana nyusoni mwao kwamba wanazitafuta, lakini ahadi haikuwa na kifungu cha dada. Kinyozi alisaidiwa kupanda lori, goti moja kisha la pili, na Cheche ndiye aliyemsukuma kutoka nyuma, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kanda waligawana: kila mmoja alichukua yake, ingawa ya Cheche ilikuwa imekatika na wote walikuwa hawajui tena ni ya nini.

Lori likaunguruma. Cheche alisimama chini ya dirisha akiangalia tairi, kama fundi aliyeitwa kulikagua. Mikono yake haikuwa na pa kukaa. Alisema barabara ya huko ina mashimo. Kinyozi alisema amesikia hivyo. Binti akafunga mkanda. Dereva akatia gia, na lori lilipoanza kusogea Kinyozi akatoa kichwa nje.

"Shemeji," akasema. "Nitakwambia ukweli. Ngazi ni albamu kubwa sana."

Cheche alitembea sambamba na lori hatua chache. Uso wake ulikuwa umeanza kurudi mahali pake.

"Unaijulia wapi Ngazi wewe?" akasema. "Ngazi umeijua leo."

Kinyozi alijibu kitu kirefu, chenye kidole, lakini lori lilikuwa limeshakata kona.

Kinyozi aliishi kwa binti yake katika chumba cha chini. Magoti hayakupona. Kila Jumapili alipiga simu kwa Cheche kutetea Ngazi, na Cheche alimjibu kwa kutetea Kisima, mpaka salio la mmoja wao lilipokwisha. Kila mmoja aliupenda upande mmoja wa albamu yake mpya na kuuvumilia wa pili, na hakuna aliyemkiria mwenzake hilo.

Dereva alipata mzigo mwingine na kuondoka. Alipoulizwa njiani juu ya muziki ule, alishikilia kwamba ni wimbo mmoja.

Duka liligeuzwa kuwa la kuuza vifaa vya simu. Kisima kilipakwa rangi nyeupe. Mvua zikinyesha, mkono huonekana kidogo.

Cheche aliendelea na mageti. Grili zake za baadaye zilikuwa na duara katikati, na wezi walilalamika. Jioni alikwenda nyumbani moja kwa moja, akakaa karibu na cherehani.

Mke wake alinyoosha antena, akaiweka radio juu ya kabati. Huitumia kusikiliza taarifa ya habari.